Hita ya Kuogea Inayopiga Kelele: Anza na Maji Kabla ya Kufungua Mashine

Mtu akiniambia hita yake ya kuogea inapiga kelele, simuulizi kwanza ni ya kampuni gani wala aliinunua lini. Namuuliza: maji yako yanatoka wapi? Hapa Malindi jibu la swali hilo hunisaidia kuliko bisibisi. Mwenye maji ya bomba yanayovutwa kutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, ana matatizo yake. Aliyechimba kisima uani kwenye mwamba wa matumbawe, karibu na bahari, ana mengine. Aliyeweka tangi paani chini mno ana ya tatu, na aliyefunga pampu ya presha ana ya nne. Mara nyingi mashine yenyewe haina kosa. Inalalamikia maji inayoletewa.

Nazungumzia hita zisizo na tangi, za aina mbili tulizozizoea Pwani. Ya kwanza ni shawa ya umeme, ile ya plastiki inayofungwa juu ya kichwa cha mwogaji, yenye elementi ndani. Ya pili ni hita ya gesi, sanduku la ukutani linalounganishwa na mtungi, na utalikuta sana kwenye nyumba za kupangisha wageni. Zote mbili hukaa kimya mpaka maji yaanze kupita. Maji yakisukuma kiwambo cha mpira kilicho ndani, au yakizungusha kipimo cha mwendo wake, ndipo moto au umeme unaposhika. Kwa hiyo presha ya maji ndiyo swichi yake. Shika hilo moyoni, maana nusu ya kelele zitakazofuata zinatokana nalo.

Si kila sauti ni ugonjwa. Shawa ya umeme hulia "tak" maji yanapoanza kupita, kisha huvuma kwa sauti nyembamba. Hita ya gesi hupiga tik-tik-tik kwa sekunde moja au mbili, moto ukashika kwa "fuu" laini, kisha ikanguruma kidogo bila kubadilika. Zenye feni huendelea kuvuma kwa muda baada ya kufunga maji, zikitoa hewa chafu iliyobaki. Chuma kikipoa nacho hulia pa, pa, mara chache. Kinachotakiwa kukushtua ni sauti mpya, au sauti ya zamani iliyobadilika.

Majaribio mawili kabla ya jambo lolote

La kwanza: zima moto, acha maji. Kwenye hita ya gesi funga koki ya mtungi. Kwenye shawa ya umeme zima swichi yake ya ukutani. Kisha fungua maji yapite baridi ndani ya hita ileile. Kelele ikiendelea, tatizo liko kwenye maji, paipu, valvu au pampu, na huna haja ya kugusa sehemu ya moto. Kelele ikikoma, basi ni moto, umeme, au chokaa iliyoganda pale maji yanapopashwa. Jaribio hili huchukua dakika moja, na sijui kwa nini watu wengi hulipa fundi kabla ya kulifanya.

La pili: pima mwendo wa maji. Weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa, fungua maji yote, tazama saa. Ikijaa kwa dakika nne, unapata lita 2.5 kwa dakika. Hita nyingi za gesi huanza kuwaka mahali fulani kati ya lita 2 na 3 kwa dakika, kwa hiyo wewe uko mpakani kabisa, na mpakani ndipo kelele za kusitasita zinapoishi. Ndoo ikijaa kwa dakika mbili, presha yako inatosha. Tafuta kwingine.

Sauti za kuzima papo hapo

Kabla ya kuendelea na yale unayoweza kuyarekebisha mwenyewe, kuna kelele tatu ambazo hazingoji uchunguzi.

Kishindo wakati wa kuwaka. Ukifungua maji, hita ya gesi inapiga tik-tik kwa muda mrefu kuliko kawaida, halafu "bum!" na sanduku linatikisika. Maana yake gesi imetoka na kukusanyika kabla cheche haijaifikia, ikashika yote kwa mpigo mmoja. Mara ya kwanza huwa kishindo kidogo, na watu hukizoea. Usikizoee. Sababu za kawaida ni betri dhaifu zinazotoa cheche hafifu, sindano ya cheche iliyoota kutu kwa hewa ya chumvi au iliyosogea kutoka mahali pake, na kichomeo kilichoziba upande mmoja. Betri badilisha mwenyewe, kwa kawaida ni mbili kubwa za aina ya D, na ufute kutu kwenye vituo vyake. Kama kishindo kitarudi na betri mpya, funga mtungi na umwite fundi wa gesi. Ukifika ukasikia harufu ya gesi, usiguse swichi ya taa, usiwashe kiberiti. Fungua milango, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini, itoke kwa mlangoni.

Mchirizo wa kukaanga kwenye umeme. Shawa ya umeme au swichi yake ikitoa sauti ya "shhh" au "tsss" kavu, pamoja na harufu ya plastiki iliyoungua au plastiki kugeuka rangi ya kahawia, kuna kiungo cha waya kilicholegea kinachotoa cheche. Shawa ya kilowati 5.5 kwenye umeme wa volti 240 huvuta karibu ampea 23. Ya kilowati 7.5 huvuta 31. Mzigo huo hauvumilii waya mwembamba wala kiungo cha kufunga kwa utepe. Zima kwenye breka kuu, si kwenye swichi ya bafuni tu. Waya unaofaa hapo ni wa milimita mraba 4 kwa uchache, nao 6 ni bora, wenye breka yake peke yake na waya wa ardhi uliofungwa kweli, si uliokatwa na kukunjwa ndani ya ukuta.

Mngurumo wa moto ulioambatana na kichwa kuuma. Moto mzuri wa gesi ni wa bluu. Ukiona kupitia kidirisha kwamba ni wa manjano, una ndimi ndefu zinazoyumba, na sanduku lina masizi juu, gesi haiungui vizuri na inatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu bafuni. Mtu akitoka kuoga na kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kinachouma, hita hiyo haiwashwi tena hadi itazamwe. Naomba hili lieleweke vizuri: hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi nje haifai kuwekwa ndani ya bafu, hata kama bafu lina dirisha. Katika nyumba za mawe za Lamu, zenye mabafu ya ndani na matundu madogo ya hewa, kufanya hivyo ni kuhatarisha roho za watu. Ining'inizwe nje, kwenye ua au varanda yenye paa, na paipu iingize maji ya moto ndani. Wala bomba lake la moshi lisielekezwe kwenye makuti.

Inatokota kama sufuria ya chai

Hii ndiyo kelele kuu ya Pwani. Moto umeshika, maji yanatoka, lakini ndani mnasikika gurugudu, kutokota, pengine kupasuka kwa tak-tak kunakoongezeka maji yanavyopata moto. Funga moto, yapitishe baridi, kelele imekwisha. Ukipata dalili hizo zote pamoja, karibu hakuna shaka: ni chokaa.

Mwamba wetu ni matumbawe, na matumbawe ni kalisiamu kabonati, ileile iliyochomwa tangu zamani kutengeneza chokaa ya kujengea nyumba za Lamu, Malindi na Gede. Maji ya mvua yanapopenya mwamba huo huyeyusha kidogo ya kalisiamu na kuibeba. Maji yakiwa baridi, kalisiamu imeyeyuka ndani yake, huioni. Yakipashwa moto, hasa yakipita nyuzijoto 60, kalisiamu hiyo haiwezi tena kukaa ndani ya maji, hujitenga na kuganda pale palipo na joto kubwa kuliko kwingine. Ndiyo maana chokaa haigandi kwanza kwenye tangi wala kwenye mfereji, bali kwenye mkebe wa shaba ulio juu ya moto wa gesi, au kwenye elementi ya umeme.

Ukoko huo unapozidi, joto la moto haliyafikii maji kwa urahisi. Shaba inapata moto kupita kiasi, na maji kidogo yaliyonaswa chini ya ukoko huchemka yakawa mvuke. Kipovu cha mvuke kikitoka na kukutana na maji baridi, hujifunga ghafla kwa "tak". Vipovu maelfu vikifanya hivyo kwa pamoja unapata gurugudu. Kelele ikiachwa muda mrefu, shaba hupasuka kwenye kona zake, na hapo huna tiba ila kununua hita nyingine.

Ukitaka kuhakikisha bila kufungua kitu, angalia mambo matatu. Tazama vitundu vya shawa: vina unga mgumu mweupe? Angalia chombo unachochemshia maji ya chai: kina tabaka jeupe chini? Na je, maji ya moto yanatoka kidogo kuliko ya baridi kwenye mfereji uleule, hali zamani yalikuwa sawa? Majibu yakiwa ndiyo, osha hita.

Kuosha hita ya gesi kwa siki

Siki nyeupe ya kawaida, ya asidi asilimia 5, inatosha. Kwa hita ndogo ya ukutani lita 4 au 5 zitafaa. Mashine kubwa inayohudumia nyumba nzima inahitaji 12 hadi 15. Funga koki ya gesi na utoe betri, au chomoa waya wa feni. Funga maji yanayoingia, fungua shawa ili presha iishe, kisha legeza paipu mbili za chini ya hita, ya kuingilia na ya kutokea. Maji yatamwagika, weka beseni.

Unganisha vipande viwili vya mpira. Kimoja kitoke kwenye pampu ndogo ya kutumbukiza iliyomo ndani ya ndoo ya siki na kiingie mahali pa kuingilia maji. Kingine kitoke mahali pa kutokea na kurudi kwenye ndoo ileile. Washa pampu, iache izungushe kwa dakika 45 hadi saa nzima. Utaona siki inatoa mapovu na kugeuka ya kijivu au ya kijani kidogo. Mapovu ni kabonidioksaidi ya chokaa inayoyeyuka. Mapovu yakikoma mapema, kazi imeisha. Siki ikipoteza ukali kabla ukoko haujaisha, ibadilishe. Mwisho pitisha maji safi kwa dakika tano, funga paipu kwa utepe mpya mweupe, jaribu kama pana uvujaji, ndipo urudishe gesi. Ukirudisha gesi, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo ulichogusa. Likifanya mapovu, pana uvujaji.

Huna pampu? Jaza siki kwa faneli kupitia mpira ulioinuliwa juu ya hita, ifikie kimo cha kujaa, iache saa moja, imwage, rudia mara ya pili. Inachelewa lakini inafanya kazi.

Kuna mafundi wanaotumia asidi ya betri au ile asidi kali ya kusafishia vyoo. Hita itakuwa kimya siku hiyohiyo na mteja atafurahi, lakini asidi hiyo haichagui. Inakula chokaa kisha inaendelea na shaba na viungo vyake. Na usichanganye siki na dawa yoyote yenye klorini. Huzaa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu.

Shawa ya umeme ni rahisi zaidi. Zima kwenye breka, hakikisha umeme haupo, zungusha uso wenye vitundu utoke, uulaze kwenye siki usiku kucha, usugue na mswaki wa zamani. Kama elementi yenyewe imevikwa ukoko mgumu, usiikwangue kwa kisu, kwani waya wake ni mwembamba. Nunua elementi mpya ya shawa hiyohiyo; zipo madukani na bei yake si sawa na kununua shawa nzima.

Mbona chokaa inarudi upesi?

Kwa sababu unachoma maji kupita mahitaji yako. Hili ndilo jambo ninalotaka kila mwenye hita Malindi alielewe, maana linatibu kelele na bili kwa pamoja. Maji ya tangi la paani hapa huwa kati ya nyuzi 25 na 30. Maji mazuri ya kuoga ni karibu nyuzi 40. Unahitaji kuyaongezea nyuzi 10 hadi 15 tu. Hita ya gesi iliyoandikwa lita 6 kwa kawaida imepimwa ikiongeza nyuzi 25 kwa lita 6 kila dakika. Uwezo wake umezidi haja yako maradufu. Vivyo hivyo shawa ya umeme ya kilowati 5.5: ukiipitishia lita 3 kwa dakika itaongeza karibu nyuzi 26, na maji ya nyuzi 28 yatatoka na nyuzi 54, ya kuunguza ngozi.

Mwogaji hufanya nini? Anaweka moto mwisho, anaungua, anapunguza maji. Maji yakipungua yanazidi kuwa moto, chokaa inaganda kwa kasi, kelele inaanza. Fanya kinyume. Fungua maji yote, punguza moto. Weka kitasa cha moto chini kabisa, au shawa ya umeme kwenye alama ya joto la kati, na uongeze tu wakati wa kusi, miezi ya Juni hadi Agosti, asubuhi zinapokuwa na ubaridi. Hita nyingi za gesi zina kitasa chenye picha ya jua kwa msimu wa joto, kinachowasha sehemu tu ya kichomeo. Kwetu jua hilo linafaa karibu mwaka mzima.

Kwa mwenye kisima chenye maji magumu sana, yaani yaliyobeba kalisiamu nyingi, osha kwa siki kila miezi mitatu au minne. Mwenye maji ya bomba anaweza kungoja mwaka.

Maji ya chumvi ni habari nyingine

Ugumu wa maji na uchumvi wake ni vitu viwili. Kisima kilicho karibu na bahari kinaweza kuwa na vyote. Chumvi haigandi kama chokaa, lakini hupitisha umeme, na katika shawa za bei ndogo elementi iko uchi ndani ya maji. Humo utasikia mchirizo mwembamba usiokoma, na pengine mwogaji ahisi kuchomwachomwa vidole akigusa mfereji. Usiseme ni kawaida. Dukani ulizia shawa ya maji ya chumvi, ambayo elementi yake imefunikwa kwa ala ya chuma isigusane na maji. Pamoja nayo funga swichi inayokata umeme unapovuja. Hakuna kuosha wala kukaza kutakakoifanya elementi iliyo uchi iwe salama kwenye maji ya chumvi.

Tik-tik-tik isiyokwisha

Hita ya gesi inapiga cheche, haishiki. Au inashika, inazima, inashika tena. Kama umeshabadilisha betri na mtungi una gesi, rudi kwenye ndoo yako ya lita 10. Mita 10 za kimo cha maji ni baa 1 ya presha. Hita zilizotengenezwa kwa presha ndogo hutaka kama baa 0.2, yaani mita mbili wima kati ya maji ya tangi na hita. Nyumba ya ghorofa moja yenye tangi lililokaa juu ya zege ya bafu haifiki hapo, hasa tangi likiwa nusu. Ndiyo maana mtu anakuambia, "Fundi, asubuhi inawaka vizuri, jioni inagoma." Asubuhi tangi limejaa.

Kabla ya kuinua tangi, safisha wavu mdogo ulio kwenye mlango wa maji wa hita. Funga maji, fungua nati, uutoe. Maji ya bomba yakikatika na kurudi, huleta mchanga na matope pamoja na hewa, na wavu huo ndio unaovipokea. Kila maji yakirudi baada ya siku kadhaa za ukame wa mfereji, yaache kwanza yakimbie kwenye mfereji wa nje hadi yawe meupe na yaache kukohoa, ndipo uwashe hita. Halafu tazama kama kuna kipande cha plastiki cha kubania maji ndani ya shawa, na kama paipu inayoshuka kutoka tangini ni ya nusu inchi. Ikibadilishwa ikawa ya robo tatu, tofauti utaiona siku hiyo. Kama bado, inua tangi kwa fremu ya chuma. Ubao wa saketi usikubali kuuziwa mpaka yote haya yamefanywa.

Katika shawa ya umeme dalili ileile husikika kama tak-tak-tak ya haraka: kiwambo cha mpira kinasukuma vituo vya umeme, kinaviachia, kinasukuma tena. Kila mguso hutoa cheche, na vituo huungua. Ongeza maji au izime. Usioge nayo hivyo.

Wenye pampu ya presha wana toleo lao. Pampu inawaka na kuzima kila sekunde chache, hita inaifuata, nyumba nzima inasikika. Hapo angalia mtungi wa hewa wa pampu, ule mwekundu au wa bluu. Zima pampu, fungua mfereji maji yaishe, kisha pima hewa kwenye valvu yake kwa kipimo cha matairi. Inatakiwa iwe chini kidogo ya presha ambayo pampu huwakia. Ikiwa pampu huwaka kwenye baa 1.4, jaza 1.2. Valvu ikitoa maji badala ya hewa, mpira wa ndani umepasuka, badilisha.

Mluzi

Mluzi unaobaki hata moto ukizimwa ni maji yanayobanwa: koki iliyofunguliwa nusu, raba ya mfereji iliyochakaa, au wavu ulioziba. Fungua koki zote hadi mwisho, moja moja, ukisikiliza.

Mluzi unaokuja na moto ni gesi. Kwenye mtungi, hakikisha regyuleta ni ya presha ndogo, inayolingana na alama ya hita, ambayo kwa gesi ya mtungi huandikwa paskali 2800 au milibaa 28 hadi 30. Regyuleta ya majiko makubwa ya hotelini hufanya moto kulia na kunyanyuka kutoka kwenye kichomeo. Ni hatari, itoe.

Paipu zinazogonga ukuta

"Gong!" unapofunga mfereji kwa ghafla: maji yaliyokuwa mbioni yamesimamishwa yakapiga paipu. Tangi la paani pekee mara chache huleta kishindo kikubwa. Ukikisikia, kuna pampu au paipu isiyoshikwa. Funga klipu za paipu kwa nafasi zisizozidi mita moja, na karibu na hita ziwe mbili. Ikiwa kinachogonga ni mashine ya kufulia, mwambie fundi aweke kipande cha kupokea kishindo kwenye paipu yake.

Upepo, kutu na nyigu

Hita inayonguruma siku za upepo tu haina ugonjwa wa ndani. Kusi inapovuma kwa nguvu kutoka baharini huingia kwenye mdomo wa bomba la moshi na kuusukuma moto. Geuza mdomo utazame upande usiopigwa na upepo, au uinamishe chini kwa kiwiko na kuuwekea kofia. Kuuziba kwa tambara ni kuirudisha hewa yenye sumu ndani, kwa hiyo usifanye hivyo hata kwa usiku mmoja.

Hita iliyokaa miezi bila kutumika, hasa kwenye nyumba za wageni zinazofungwa msimu wa mvua, hungurumia sababu nyingine: buibui na nyigu wa udongo wamejenga ndani ya mirija ya kichomeo. Hewa haingii sawasawa, moto unakuwa wa manjano upande mmoja na kutoa sauti ya kupapatika. Fundi akifungua kifuniko, mirija hupigwa brashi laini na hewa. Kwa kuzuia, funga wavu mwembamba wa chuma kwenye mdomo wa bomba la moshi, mradi matundu yake yasiwe madogo ya kuzuia moshi, na uusafishe.

Feni inayokwaruza au kulia kwii-kwii imeshikwa na kutu kwenye beringi zake. Hewa ya chumvi hufanya hivyo, na mafuta ya kupaka huituliza wiki chache tu. Badilisha feni.

Ukimwita fundi

Mpe majibu ya yale majaribio mawili: kelele inaendelea moto ukizimwa au la, na ndoo inajaa kwa dakika ngapi. Mwambie inalia wakati wa kuwasha, katikati, au baada ya kufunga. Rekodi sauti kwa simu, maana hita nyingi hunyamaza mbele ya fundi. Kwa kazi ya waya, taka mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na petroli, akuonyeshe. Na kama kazi ni ya chokaa, muulize kabla hajafungua mkoba: ataosha kwa nini? Akitaja asidi ya betri, tafuta mwingine.